Mama Mshauri na Ng'ombe Aliyelala Njiani

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyetupa watoto kabla hatujajua kuwalea, akatuvumilia huku tukijifunza. Namshukuru kwa umri alionijalia, na kwa macho ambayo bado yanafuata mstari, ili niandike habari za mama mmoja niliyekaa naye benchi moja miaka mingi, nikampenda kama dada yangu, na mpaka leo sijamwelewa.

Jina lake nitaliacha. Pale Bariadi wote walimwita Mama Mshauri, kwa sababu alikuwa mmoja wa washauri wa mahakama ya mwanzo, wale ambao watu huwaita wazee wa baraza. Hakimu alikaa katikati na sheria zake, washauri wawili wakakaa pembeni na wanachokijua kuhusu maisha ya watu. Mwisho wa shauri kila mmoja alitoa maoni yake, na wawili wakiungana ndiyo hukumu, hata kama hakimu hakupenda. Mshauri wa pili nilikuwa mimi. Niliteuliwa kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa na nilikuwa nimepita chuo cha Biblia, hivyo watu wakadhani naweza kutenganisha jema na baya. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kusikiliza mashauri ya watoto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na jina la Simiyu lilikuwa la mto tu. Ushirika ulikuwa umelegea, magari ya kampuni za watu binafsi yakawa yanaingia hadi vijijini kununua pamba, mitumba ikajaa minadani, na wanawake ambao zamani safari yao ndefu ilikuwa kisimani wakaanza kwenda Lamadi, kule ziwani, kufanya biashara ya samaki. Fedha ilianza kutembea, na ndoa nazo zikaanza kutembea. Watu waliachana, na kila walipoachana palikuwa na mtoto katikati, na mtoto huyo aliletwa mbele yetu.

Mama Mshauri alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa polepole. Kitenge chake cha mahakamani kilikuwa kimoja, cha rangi ya kahawia, na alipofika mlangoni alivua viatu vyake vya plastiki akaingia peku. Hakimu wetu alikuwa kijana aliyetoka mbali, hajui Kisukuma, msafi kweli kweli wa viatu. Siku za mwanzo alimwambia, "Mama, vaa viatu. Hapa si nyumbani."

"Ndiyo, baba," akajibu. "Nyumbani sivui."

Hakimu akanitazama mimi nimfafanulie.

Kila siku alikuja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani, amevifunga kwenye pindo la khanga. Watu wanatoa ushahidi, yeye anatafuna, na michembe mikavu ina sauti. Hakimu alimwambia tena, "Mama, tuko katikati ya shauri."

"Nami nimo, baba. Masikio hayatafuni."

Palipokuwa na mtoto alimwita, akampa kipande. Hilo likazua maneno mjini. Watu wakasema Mama Mshauri ana kipimo chake: anampa mtoto mchembe, kisha anatazama mtoto atampelekea nani, na huyo ndiye anayepewa mtoto. Wazazi wakaanza kuwafundisha watoto wao kabla ya kuja. Nakumbuka mvulana mmoja aliyeogopa kusahau somo. Mama Mshauri alipomwita tu, kabla hajapewa chochote, alikimbia kwa baba yake akamkabidhi kiganja kitupu. Ukumbi mzima ulicheka, na Mama Mshauri akacheka mpaka machozi. Nikasema moyoni, leo baba huyu amekwisha. Zamu yake ya kutoa maoni ilipofika alisema, mtoto akae na baba.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, unapowapa watoto michembe, unaangalia nini hasa?"

Akanishangaa. "Naangalia kama wana njaa."

Hata katika mambo ya imani alinitatiza. Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti nzito kuliko wanaume. Lakini asubuhi moja nilipita kwake nikamkuta anamwaga unga kidogo kidogo kizingitini, kama walivyofanya bibi zetu walipowakumbuka marehemu. Nikamkabili kama inavyompasa mzee wa kanisa. "Mama, huo unga ni wa nani?"

"Wa kuku," akasema.

Nikatazama uani. Kuku walikuwepo. Nikaondoka, na sikuuliza tena.

Jambo lililokuwa zito maishani mwake lilikuwa Ipililo. Yeye mwenyewe aliwahi kuolewa huko, wilaya ya Maswa, akazaa watoto wa kiume, kisha ndoa ikavunjika. Kwetu mahari ni ng'ombe. Ndoa ikivunjika ng'ombe hurudi kwa mume, ila kama kuna mtoto, mume huwaacha baadhi kwa wakwe zake, na hao wanaobaki ndio wanaotangaza kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba. Mume akiwachukua wote, mtoto hubaki upande wa mama. Sasa ng'ombe wa Mama Mshauri hawakuweza kurudi kabisa, maana baba yake alikwisha kuwatoa kumwolea mke mtoto wake wa kiume. Hivyo yeye akaondoka, na watoto wakabaki Ipililo.

Nilifuatana naye huko mara moja, nikiwa na safari ya kanisa. Tulipanda lori la pamba. Vijana wawili warefu walitupokea kwa heshima kubwa, wakamsalimia "Mwangaluka" wakiwa wameinama, wakamletea kiti, wakachinja kuku. Jikoni alikuwepo mama aliyewalea, anasonga ugali. Mama Mshauri alikwenda mpaka kwenye moshi akamwambia, "Wabeja, mama watoto," yaani asante, akakaa naye kidogo. Niliona siku imekwenda vizuri. Tulipokuwa tunarudi juu ya lori nikamwambia, "Vijana wako wana adabu. Wamekuchinjia."

Akatazama barabara tuliyotoka. "Mama hachinjiwi kuku," akasema. "Mama anaambiwa, chungu kile pale, jipakulie."

Kwa hiyo utadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba mwanamke wa namna hiyo atasimama siku zote upande wa akina mama. Haikuwa hivyo. Wiki moja alimtetea mama, wiki iliyofuata, kwa shauri ambalo mimi niliona ni lile lile, akamtetea baba. Kila mzazi aliyepiga kelele "mtoto ni wangu" alimjibu kwa namna moja: "Tumekusikia mtoto ni wako. Wewe je, ni wa mtoto?" Wengi hawakuelewa swali. Na mimi nililisikia miaka yote hiyo, na sina hakika kama ningejua kulijibu.

Sasa nieleze shauri la Limi, maana ndilo lililonifanya nimtazame kwa jicho jingine, ingawa halikuniondolea mashaka.

Limi alikuwa binti wa darasa la pili. Mama yake aliitwa Ngolo, mwanamke mwenye mikono ya kazi, anayekaanga samaki Lamadi na kuwauzia madereva wa malori. Baba yake aliitwa Masunga, mtu wa Nkololo, aliyekuwa ameanza kununua pamba kwa niaba ya kampuni na kuendesha baiskeli mpya. Waliachana Limi akiwa mdogo. Ndugu za Masunga walifika nyumbani kwa baba yake Ngolo, kijiji cha jirani na mji, wakachukua ng'ombe wao, na mtoto akabaki. Miaka ikapita. Kisha Masunga akaoa tena, nyumba ikatulia, akaja kumdai binti yake. Ngolo akakataa. Baraza la usuluhishi likashindwa, wakaja kwetu.

Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa hiki tu: Limi ataamka wapi kila asubuhi. Lakini siku nzima hatukumsikia Limi. Tulisikia habari za ng'ombe.

Maana ng'ombe hawakuondoka wote siku ile. Mmoja alibaki, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni.

Kaka yake Masunga, mtu wa maneno mengi, alisimama akasema, "Tulimwacha kwa ajili ya mtoto. Desturi iko wazi. Ng'ombe amebaki, mtoto ni wetu."

Baba yake Ngolo, mzee mkali, akainuka kabla hajaruhusiwa. "Mwongo! Mlimwacha kwa sababu ya mguu! Mlisema akipona mtamfuata. Mimi ndiye niliyemtibu. Hakuachwa kwa ajili ya mtoto, aliachwa kwa sababu alichechemea. Hesabuni kwamba mmechukua wote!"

"Mguu gani? Ng'ombe mzima yule!"

"Mzima baada ya mafuta yangu!"

Hakimu aligonga meza. "Wazee, sheria inatazama maslahi ya mtoto. Haitazami ng'ombe."

"Ndiyo, baba," akasema Mama Mshauri. "Lakini hawa wanamtazama ng'ombe. Amesimama mbele ya mtoto, mtoto haonekani. Twende tukamwone."

"Tukamwone nani?"

"Ng'ombe."

Watu walicheka, na kaka yake Masunga akaona amepata nafasi ya kumchoma. "Mama, wewe unatupima sisi, wa kwako wako wapi? Si wako Ipililo, wanamwita mwanamke mwingine mayu?"

Mayu kwetu ni mama. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yangu. Mama Mshauri alimaliza kutafuna alichokuwa anatafuna. "Wako Ipililo, baba," akasema. "Ndiyo maana nakusikiliza wewe kwa makini kuliko unavyonisikiliza." Akainuka, akachukua viatu vyake mlangoni.

Basi mahakama nzima ikatembea kwenda kijijini, hakimu akiruka madimbwi asichafue viatu. Ng'ombe alikuwa zizini, amenona, anacheua. Mama Mshauri akamwambia mzee, "Nionyeshe mguu."

Mzee akaonyesha mguu wa nyuma wa kushoto. Mke wake, wakati huo huo, akaonyesha wa mbele. Kaka yake Masunga akapiga makofi kwa furaha. "Mmeona? Mmeona? Hata wao hawaujui!"

Ndipo Limi akasema. Alikuwa amesimama karibu na ng'ombe, mkono wake kwenye shingo yake, na hakumwangalia mtu. "Hakuwa na mguu mbaya. Alilala njiani."

"Nani amekuambia?" hakimu akauliza.

"Bibi."

Bibi akaona haya, akafunika mdomo kwa khanga. "Ni kweli," akasema. "Walipofika naye pale penye njia panda, akalala. Wakamchapa, wakamvuta mkia, akalala tu. Wengine walikwisha kutangulia mbali. Wakamwacha, akainuka mwenyewe, akarudi zizini. Siku ya pili ndipo mzee akasema lazima ana mguu mbaya, akaanza kumpaka mafuta."

"Mguu upi?"

"Alipaka yote."

Masunga, ambaye mchana wote hakusema neno, akacheka kidogo bila kutaka. "Ni kweli. Alilala. Mimi ndiye niliyemvuta mkia."

"Nyamaza wewe!" kaka yake akamfokea.

Hakimu akanigeukia. "Mzee, desturi yenu inasemaje juu ya ng'ombe aliyekataa kuondoka?"

Nikawatazama wazee wa kijiji waliokuwa wamekusanyika. Nao wakanitazama. Hakuna aliyewahi kulisikia jambo hilo. Hakuachwa kwa ajili ya mtoto, hakuachwa kwa ugonjwa. Alijiacha mwenyewe. Tulisimama pale, watu wazima na mvi zetu, tumechanganyikiwa kwa sababu ya mnyama anayecheua.

Mama Mshauri alikaa chini, akamwita Limi, akampa mchembe. Limi akauvunja, nusu akala, nusu akampa ng'ombe. Kama kweli kulikuwa na kipimo, basi ng'ombe alishinda siku ile.

Kisha Mama Mshauri akaanza kuwauliza wazazi, na hakuwa mpole. "Ngolo, ukiwa kwenye samaki, mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani, mayu."

"Jirani anajua mtoto anaogopa nini?"

Ngolo akafikiri. "Radi. Lakini jirani hajui. Radi ikipiga naacha samaki, nakimbia."

"Wakiungua?"

"Wanaungua."

Akamgeukia Masunga. "Na wewe, baba, miaka hii yote ulikuwa wapi?"

Masunga akashika usukani wa baiskeli yake. "Niliona aibu. Nitakwenda kwa wakwe nikasema nini? Na ndugu zangu waliniambia mtoto wa kike atakua, atarudi tu, ng'ombe wake tutawadai siku akiolewa. Lakini sikuja kwa ajili ya ng'ombe, mayu. Namfikiria. Nikiona watoto wa mke wangu wanakula, namfikiria."

Kaka yake alitema mate pembeni. Mimi nilimwamini Masunga. Nilimwamini na Ngolo. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, maana nilikuwa nimezoea kutafuta mwongo.

"Limi," akasema Mama Mshauri, "wewe unataka kukaa na nani?"

"Na mama." Akamchezea ng'ombe sikio. "Lakini baba aje."

"Aje wapi?"

"Aje tu."

Tuliporudi mahakamani tukatoa maoni. Hakimu alisema mtoto aende kwa baba: Nkololo kuna shule karibu, kuna nyumba tulivu, na Lamadi barabarani, kati ya malori na vilabu vya pombe, si mahali pa kulelea binti. Alisema vizuri, na sikuona kosa katika maneno yake. Mama Mshauri alisema mtoto akae na mama. Sababu alitoa moja: "Samaki wanaungua." Hakimu alimngojea aendelee. Yeye akachukua mchembe mwingine.

Ikabaki sauti yangu. Nilifumba macho nikaomba, na nikiri kwamba sikusikia jibu lolote kutoka mbinguni, isipokuwa sauti ya michembe pembeni yangu. Niliona nyumba tulivu ya Nkololo. Niliona kikaango kinachotoa moshi na mwanamke anayekimbia mvuani. Nikasema, akae na mama. Nilipofumbua macho, Mama Mshauri alikuwa ananitazama kana kwamba naye ameshangaa.

Hukumu ikaandikwa hivyo: mama atamlea, baba atamnunulia sare na mahitaji ya shule, na kila likizo atakwenda kwa baba Nkololo. Na ng'ombe je? Wote walitaka kujua. Hakimu akamwachia Mama Mshauri aseme. "Ng'ombe ni wa mtoto," akasema. "Mtoto si wa ng'ombe." Ng'ombe akabaki kwa babu, hatafutwi wala hadaiwi na upande wowote.

Mahali pa kumkabidhi Limi palikuwa nyumbani kwa Mama Mshauri, mjini, kwa kuwa ni katikati ya Lamadi na Nkololo. Kwa hiyo kila shule zilipofungwa na kufunguliwa, Ngolo alishuka kwenye gari la Lamadi, Masunga alifika na baiskeli, wakakutana kwenye baraza ya nyumba yake. Mara ya kwanza walikaa wamepeana migongo. Masunga akamshika mtoto mkono aondoke.

"Hakuna mtu anayechukua mtoto hapa bila kusalimiana," akasema Mama Mshauri.

Nao wakasalimiana, haraka haraka. Akawarudisha. Aliwataka wasalimiane kama watu wa kwetu, salamu yote: umeamkaje, mhola, yaani salama, nyumbani wazima, mvua zimenyesha, mashamba yakoje, mifugo je. Walipofika kwenye mifugo iliwabidi waulizane habari za yule ng'ombe mwekundu. "Amezaa," Ngolo akasema, akiangalia chini. "Amezaa nini?" Masunga akauliza, na Limi akaruka kujibu yeye. Mambo mengi niliyoyaona pale barazani yalianzia kwenye habari za ng'ombe yule. Si kwamba walirudiana. Hawakurudiana. Walijifunza tu kusimama mahali pamoja bila mtoto kutetemeka.

Mwaka mmoja Masunga hakumrudisha Limi. Shule zilifunguliwa, Ngolo akakaa barazani siku nzima, gari la mwisho likamwacha. Mimi nilitaka twende kwa hakimu tuchukue amri. Mama Mshauri alisema hakimu ana kazi nyingi. Alipanda baiskeli ya mtu mpaka Nkololo, akaingia uani kwa Masunga, akakaa chini. Hakuomba kitu. Wakamletea kiti, akakataa. Wakampa chakula, akakataa, akatafuna michembe yake. Mke wa Masunga alianza kuogopa. Jua lilipoelekea kushuka Masunga akatoka ndani na Limi na begi lake, akasema, "Mayu, inuka basi, watu wanatutazama."

Nilipomuuliza mbinu hiyo ameitoa wapi, alishangaa tena. "Kwani hukuwepo siku ile? Nimefundishwa na ng'ombe."

Miaka ikaenda. Yule hakimu alihamishwa, nasi tukazeeka, wengine wakakalia benchi letu. Mkoa wetu ukapata jina lake. Nilihamia kwa mwanangu, na nikawa nampata Mama Mshauri kwa salamu tu. Kisha, majuzi haya kabla ya mavuno, nikaletewa habari: njoo, Mama Mshauri ana shauri.

Nilimkuta barazani pake, macho yamefifia, amejifunga kitenge ambacho ningeapa ni kile kile kama kuapa kungeruhusiwa. Upande mmoja walikaa wanawe wa Ipililo, sasa watu wenye mvi. Upande mwingine alikaa mama mnene mwenye simu mbili, na hakuningoja nimtambue mwenyewe. "Ni mimi Limi, guku," akasema, akiniita babu. Siku hizi ana duka lake la samaki Lamadi.

"Mzee wa Kanisa," mwana mkubwa akasema, "wewe ndiye uliyebaki wa baraza lile. Tuamulie. Mama haoni, hawezi kukaa peke yake. Ni mama yetu, tumekuja kumchukua Ipililo."

"Mama yenu alikaa hapa miaka yote," Limi akasema. "Mlikuwa mnakuja? Mimi nilikuwa nakuja kila likizo. Nina chumba, nina umeme. Ni wangu."

"Wako kwa lipi? Umezaliwa naye?"

"Nyinyi mlilelewa naye?"

Mwana mdogo akashika kichwa. "Dada, usituambie hivyo. Hatukuchagua sisi. Tulikuwa watoto. Tulimchinjia kuku kila alipokuja kwa sababu hatukujua tumfanyie nini tena."

Nikaona mkono wa Mama Mshauri umesimama juu ya pindo la khanga yake.

Nikachanganyikiwa kama siku ile zizini. Kila mmoja alisema kweli. Nilitafuta sheria, nikatafuta desturi, nikatafuta hata neno kutoka chuo changu cha zamani. Mwisho nikafanya nilichomwona akifanya. Nikamsogelea nikamuuliza, "Mama, wewe unataka kukaa na nani?"

Alicheka, na meno yalikuwa machache. "Miaka yote ile," akasema, "ulidhani najua?"

"Ulionekana unajua."

"Nilikuwa naogopa kila shauri. Nilikuwa natafuna ili meno yasigongane." Kisha akapapasa, akampata mwanawe mkubwa, akamshika mkono, akampapasa na Limi, akamshika. "Kuku mmekwisha kunichinjia wa kutosha. Na umeme, mwanangu, utanisaidia nini, macho haya? Mimi nimelala njiani. Anayenitaka, barabara anaijua."

Mwana mkubwa akanitazama nimfafanulie. Limi akainamisha kichwa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, maana yeye alielewa kabla yetu.

Hivyo haendi popote. Wanawe wanashuka kutoka Ipililo kwa zamu na wake zao, Limi anakuja kutoka Lamadi na samaki, nao wanapokezana mama yao kwenye ile baraza. Niliwakuta wiki iliyopita wanabadilishana zamu. Mwana mdogo alikuwa anataka kuondoka haraka awahi gari, na kutoka ndani ile sauti nzito ikaita, "Hamjasalimiana!" Wakaanza upya: umeamkaje, mhola, nyumbani wazima. Nami nilipoingia kumwona hakuniletea kiti wala hakuita mtu anihudumie. Alisema, "Chungu kile pale, jipakulie," nikajipakulia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie mlango ambao watu wako wataijua njia yake, na chungu ambacho hutahitaji kukaribishwa kujipakulia. Na kama kuna mtoto anayekungoja mahali fulani, Mungu akupe nguvu ya kwenda, na salamu ndefu ya kumpa utakapofika. Amina.